VYAMA VIWILI, KATIBA MOJA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Visiwani wakaao Pangani



Twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo moja tu, nalo ni hili: nchi ikiwa na vyama viwili vikubwa vinavyokaribia kulingana kwa nguvu, je, katiba yake hupata afya au hupata maradhi? Wako wasemao kuwa vyama viwili ni fitina, na kwamba Visiwa vyetu visingalipatwa na msiba lau wote tungalikuwa chini ya bendera moja. Wako na wasemao kuwa vyama viwili ni dawa yenyewe, maana kila kimoja humchunga mwenziwe. Sisi twaona kauli zote mbili zimepungukiwa. Na kwa kuwa sisi ni watu wa duka, twaomba ruhusa ya kulithibitisha jambo hili kwa hesabu.

Na tuanze mbali, tupate kurudi karibu. Marekani ndiyo nchi itajwayo sana kwa vyama viwili, lakini Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787 haikuvitaja vyama hata mara moja. Walioitunga waliweka kanuni kwamba mwenye kura nyingi awe Rais, na anayemfuata awe Makamu wake. Kanuni nzuri, lau wagombea wasingalikuwa na vyama. Vyama vilipozaliwa, uchaguzi wa 1796 ukamweka John Adams katika Urais, na Thomas Jefferson, mpinzani wake mkubwa, akawa Makamu. Uchaguzi uliofuata, wa mwaka 1800, Jefferson na Aaron Burr, wote wa chama kimoja, wakapata kura 73 kila mmoja, na nchi ikakwama. Ilipofika 1804 wakaibadili Katiba, Rais na Makamu wakawa wanapigiwa kura mbali mbali. Hapa twajifunza neno la kwanza: vyama huingia katika nyumba ya katiba kama wapangaji, lakini hawakawii kubadili milango.

Kwetu pia mlango huo ulibadilishwa. Zamani Rais wa Zanzibar alikuwa ni mmoja wa Makamu wa Rais wa Muungano kwa cheo chake. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, wakubwa wakatazama mbele wakaona kwamba Zanzibar yaweza kuchagua Rais wa upinzani, naye akawa Makamu wa Rais wa chama kingine. Basi kabla ya uchaguzi wa 1995 Katiba ya Muungano ikarekebishwa: mgombea Urais akawa anasimama na mgombea mwenza, na Rais wa Zanzibar akaondoka katika kiti kile. Walifanya kama walivyofanya Wamarekani mwaka 1804. Walimtoa mshindani nje ya nyumba.

Sasa turudi Visiwani. Sidhani ziko nchi nyingi ambazo hesabu za uchaguzi wake zimekuwa nyembamba kama zetu. Januari 1961 viti vilikuwa 22: Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Watatu hao wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, na serikali isiweze kuundwa. Juni mwaka huo kura ikapigwa tena kwa viti 23, na katika ghasia za siku zile watu 68 wakauawa. Julai 1963 Afro-Shirazi walipata zaidi ya kura 54 katika kila 100, lakini viti 13 tu katika 31, na Hizbu pamoja na ZPPP wakaunda serikali kwa viti 18. Katiba ilifuatwa, wala hapana aliyekosea kujumlisha. Lakini katiba impayo kila kitu mwenye viti na kumwacha mikono mitupu mwenye kura, haikuwa na pa kusimama. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakafika, na katiba ile ikaondoka pamoja na serikali yake.

Je, chama kimoja kilileta dawa? Zanzibar ilikaa miaka 15, mpaka 1979, bila ya katiba mpya. Na hata baada ya kuwa nayo, Rais Aboud Jumbe alijiuzulu Januari 1984 mjini Dodoma, ndani ya vikao vya chama, wala si mbele ya Wazanzibari waliompigia kura. Kwa hiyo anayetuambia turudi katika bendera moja, na atujibu swali hili: chama kikiwa peke yake, katiba humlinda nani, na kutokana na nani?

Vyama viliporejea, hesabu nyembamba ikarejea navyo. Oktoba 1995 Dakta Salmin Amour alitangazwa kwa kura 165,271, na Maalim Seif Sharif Hamad kwa 163,706. Tofauti ni kura 1,565, nao si watu wa kujaza viwanja viwili vya mpira. Lakini aliyetangazwa alichukua serikali yote, na nusu ya nchi ikabaki nje ikitazama. Wawakilishi wa CUF wakasusia Baraza mpaka muafaka wa Juni 1999. Baada ya uchaguzi wa 2000, yakafika yale ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, ambapo watu zaidi ya 30 waliuawa, na wengine zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Wengi katika ninyi mna jina la mtu mnalolitaja usiku mnapoyakumbuka hayo. Mungu awarehemu.

Ndugu zetu, Mwenyezi Mungu ameiteremsha sura nzima, Mutaffifina, kuwaonya wapunjao vipimo. Sisi wenye maduka twaijua mapema, maana mizani haitoki mbele ya macho yetu. Na mizani ina vitanga viwili. Hapana mtu anayesema mizani ni mbovu kwa kuwa ina vitanga viwili. Ikiwa na kimoja si mizani tena. Ubovu hutoka mahali patatu: mawe yakiwa si sawa, mkono uishikao ukielemea upande mmoja, au mnunuzi akikatazwa kutazama ulimi wake.

Mawe ndiyo kanuni ya nani apate nini. Hapo Wazanzibari walitenda jambo kubwa. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana wakasameheana, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa. Zaidi ya 66 katika kila 100 waliopiga kura walisema ndiyo. Katiba ikarekebishwa, chama cha pili kikapewa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri wakagawanywa kwa kadiri ya viti. Yaani sisi tulimrudisha ndani yule ambaye Wamarekani walimtoa mwaka 1804. Uchaguzi uliofuata ulikuwa mwembamba kama kawaida, Dakta Shein 50.1 na Maalim Seif 49.1 katika kila 100, lakini hapana aliyekimbilia Shimoni.

Mkono ni Tume na Mahkama. Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kuufuta uchaguzi wote wa tarehe 25. Watu wale wale, siku ile ile, katika vituo vile vile, walikuwa wamepiga kura ya Rais wa Muungano, na hizo zikahesabiwa kuwa ni halali. Kura ikarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF wakaisusia, na kiti cha Makamu wa Kwanza, alichokianzisha mwananchi kwa kura yake, kikakaa kitupu mpaka Desemba 2020.

Mnunuzi kutazama ulimi wa mizani ni haki ya kushitaki. Mwaka 2000 George W. Bush na Al Gore walipishana kwa kura 537 katika jimbo la Florida. Shauri likafika Mahkama Kuu ya nchi, likaamuliwa kwa majaji watano dhidi ya wanne. Wengi hawakuipenda hukumu ile, lakini Gore alikuwa na mlango wa kubisha. Tarehe 1 Septemba 2017 jirani zetu wa Kenya waliona Mahkama ya Juu ikibatilisha uchaguzi wa Rais aliye madarakani. Wazanzibari mwaka 2015 hawakuwa na mlango huo: katiba haikuruhusu matokeo ya Urais yaliyokwisha kutangazwa kuhojiwa mahkamani. Na mtu asiye na pa kushitaki huwa na njia mbili tu, kunyamaza au kuteta kwa mikono. Mji huu wa Pangani unazijua zote mbili. Agosti 1888 bendera ya Kampuni ya Wadachi ilipandishwa hapa bila ya watu kuulizwa; waliokataa, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walishika silaha, na Desemba 1889 akanyongwa papa hapa Pangani. Sisi hatutaki vijana wetu wachague baina ya njia hizo.

Basi yatupasa nini? La kwanza, tusikubali kuambiwa kuwa kiti cha Makamu wa Kwanza ni zawadi ya chama tawala. Kilitoka kwa wananchi tarehe 31 Julai 2010, na wananchi ndio wenye kukidai. La pili, tusikubali pia kwamba kiti hicho kinatosha: mawe yakiwa sawa na mkono ukielemea, mnunuzi amepunjwa vile vile. Tudai Tume isiyokuwa na bwana, na tudai mahkama iwe wazi kwa shauri la Urais. La tatu, kila kituo kiwe na wakala wetu ajuaye kusoma, kuandika na kuhifadhi fomu ya matokeo, maana deni lisiloandikwa halina shahidi.

La nne ndilo zito zaidi, nalo ni juu yetu wenyewe. Haya tuyadaiyo leo tukiwa nje, tuyaandike katika katiba kwa namna ambayo yatatubana siku tutakapokuwa ndani. Chama kidaicho haki kwa kuwa kimeshindwa, kisha kikaifunga kilipopata, hakikuwa kikidai haki. Kilikuwa kikidai zamu. Vyama viwili havitaondoka Visiwani, vikibadili majina au visibadili. Lililo katika uwezo wetu ni kuhakikisha kwamba juu yao iko katiba moja, na kwamba aliyeshindwa kwa kura chache ana pa kukaa, pa kusema na pa kushitaki.