SERIKALI NAYO INA MIPAKA
Mazungumzo na wanakisomo wa Lumuma, Kilosa



Leo tuzungumze juu ya swali moja. Je, Serikali ikitaka kufunga gazeti au kumnyamazisha mtu, inaweza kufanya hivyo kama inavyopenda? Jibu ni hapana. Hata Serikali ina mipaka yake.

Tuanze na Katiba. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni, kuyasema, na kutafuta habari. Haki hii si zawadi ya waziri wala ya mwenyekiti wa kijiji. Mkulima wa vitunguu wa hapa Lumuma anayo sawasawa na mwandishi wa Dar es Salaam.

Sasa mtaniuliza: basi kila mtu aseme lolote? La, hasha. Ibara ya 30 inasema haki ya mmoja isivunje haki ya mwenzake. Ukimsingizia jirani wizi, atakushtaki. Ukiwaambia vijana wakawapige wafugaji, huo si uhuru wa kusema. Sisi watu wa Kilosa tunajua ugomvi unavyoua. Mwaka 2000, huko Rudewa Mbuyuni, zaidi ya watu 30 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji.

Kwa hiyo mipaka lazima iwepo. Lakini mpaka wa shamba huwekewa alama, kila mtu akauona. Jirani haruhusiwi kuusogeza usiku apendavyo. Sheria nayo ni hivyo hivyo.

Chukueni mfano wa gazeti la Mseto. Agosti 2016 waziri wa habari alilifungia miaka 3. Alitumia Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa waziri uwezo wa kufunga gazeti kwa amri yake. Wenye gazeti hawakushika mawe. Walikwenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Juni 2018 mahakama ikasema kwamba waziri amekosea: amri yake ilisimama juu ya maoni yake tu, bila sababu za kutosha. Ikaagiza gazeti lifunguliwe.

Je, lilifunguliwa kesho yake? Hapana. Leseni yake ilirudishwa Februari 2022, pamoja na za Mawio, MwanaHalisi na Tanzania Daima. Mnaona? Hukumu ni kitu kimoja, kutekelezwa ni kitu kingine.

Sheria ile ya 1976 ilikwisha kufutwa, ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Nayo ilipelekwa mahakama ile ile. Machi 2019 mahakama ikasema vifungu vyake kadhaa vinavunja Mkataba wa Afrika Mashariki. Mwaka 2023 Bunge likarekebisha baadhi ya vifungu.

Jamani, msidhani haya ni mambo ya mjini tu. Mtu akisimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji, akauliza fedha za mfereji zimekwenda wapi, akajibiwa, "Kaa chini, mchochezi wewe!" hapo uhuru umefungwa kama gazeti lilivyofungwa. Kuuliza mapato na matumizi si uchochezi. Mkutano huo ni wenu, nao unapaswa kufanyika kila baada ya miezi 3.

Basi fanyeni hivi. Ulizeni kwa adabu. Hakikisheni swali limeandikwa katika muhtasari. Msipojibiwa, andikeni barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu katika siku 30. Wekeni nakala, na tarehe yake.

Mmejifunza kusoma na kuandika. Msiishie kusoma majina kwenye magunia. Kalamu hiyo ndiyo ngao yenu.



Maswali ya kujadiliana:
1. Kuna tofauti gani kati ya kukosoa na kuchochea?
2. Mara ya mwisho mapato na matumizi ya kijiji chenu yalisomwa lini?
3. Mwenzenu akinyamazishwa mkutanoni, ninyi mlioketi mfanye nini?