"Boil over": nani aliwasha moto?

Barua ya shule ikisema "things boiled over", msidhani mtoto kamwaga maji ya moto. Maana yake mambo yalifoka, ugomvi ukazuka. Kiingereza hulitumia neno hili kwa maziwa jikoni na kwa hasira, kama sisi tusemavyo uji umefoka, au baba kamfokea mtoto.

Ila neno hili linaonyesha povu, halionyeshi moto. Novemba 2022, huko Kangle, mjini Guangzhou, China, wafanyakazi wa karakana za nguo waliangusha vizuizi vya korona. Ukisema tu hasira zao "boiled over", umeacha mengi. Wengi walikuwa wageni mjini, kutoka mkoa wa Hubei. Walifungiwa mtaani, karakana zikasimama, na bila kazi hakuna mshahara.

Basi mkiitwa shuleni kwa barua kama hiyo, msitie sahihi haraka. Ombeni mkalimani. Ulizeni: "What happened before?" Yaani, nini kilitangulia? Kisha ombeni jibu liandikwe kwenye ripoti, pamoja na maneno ya mtoto mwenyewe.