Damu ya Bibi Siyo Ujana Unaorudi

Wavulana msitoke nje, maneno haya ni yenu pia. Baiskeli ya kumpeleka bibi hospitali mnaiendesha nyinyi.

Mwanamke akikaribia miaka 50 hivi, hedhi hukoma. Miaka inapita, kisha siku moja bibi anaona damu kwenye khanga. Tone moja tu. Wenzake wanamtania: "Ujana umerudi!" Jamani, hedhi ikishakoma mwaka mzima, hairudi. Mara nyingi sababu ya damu hiyo ni ndogo na inatibika, lakini inaweza kuwa saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi.

Msiichanganye na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo chanjo yake ilianza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018. Chanjo ile haizuii hii. Ili kuijua, daktari huchukua kinyama kidogo kutoka ndani ya mfuko, kikatazamwa kwa hadubini.

Aina ya kawaida huenda polepole, na hutokea zaidi kwa wanawake wanene. Kuna aina nyingine, kali, inayowapata hata vikongwe wembamba. Hiyo haisubiri. Ingali ndogo, chembe zake huweza kupita kwenye mirija ya uzazi zikadondoka tumboni na kuota juu ya utumbo kama mbegu. Nyingine hufika mapafuni. Tumbo likivimba, watu wanasema bibi karogwa!

Tiba huanza na operesheni: mfuko, mirija na ovari vinatolewa. Kwa aina kali kisu peke yake mara nyingi hakitoshi, hivyo hufuata dawa za kutiwa mshipani, pengine na mionzi. Nywele hunyonyoka, kisha huota tena. Pa kuanzia ni Hospitali ya Misheni hapa hapa Mbesa. Mionzi iko mbali: Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando kule Mwanza. Nauli ni kali, najua, ndiyo maana ukoo ukae mapema. Na hata ikiwa imeshasambaa, dawa za kutuliza maumivu zipo, bibi asiachwe alie ndani.

Sasa nani amwulize? Baba anaona aibu, mkwe ndiyo kabisa. Wewe mjukuu una utani naye. Mkiwa wawili jikoni, mwulize: "Bibi, umeona damu tangu siku zako zikome?" Akikubali, mwambie mama usiku huo huo.