Uwiano wa Madume na Majike Katika Uzao wa Kondoo: Tatizo la Kuhesabu Linalotangulia Tatizo la Kuzalisha

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya wafugaji wadogo na maafisa wa mifugo, Juja, Kaunti ya Kiambu

1. Utangulizi

Mada hii imeandaliwa kwa ombi la waandalizi wa semina, ambao waliagiza kwamba ieleze uwiano wa wanakondoo madume na majike, pamoja na njia ambazo mfugaji anaweza kuzitumia ili apate majike wengi zaidi. Sehemu ya kwanza ya agizo hilo inatimizika kwa maneno machache. Sehemu ya pili haiwezi kutimizwa kwa uaminifu kabla ya kutatuliwa kwa jambo moja ambalo limezungumzwa mara nyingi na kuahirishwa mara nyingi, nalo ni kwamba wafugaji wengi wadogo wa Juja, Ruiru na Thika hawana hesabu ya wanakondoo waliozaliwa, bali wana hesabu ya wale waliobaki.

Umuhimu wa suala lenyewe hauna ubishi. Mashamba makubwa ya eneo hili yanaendelea kukatwa viwanja vya kujenga, hasa tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, na malisho yamebaki kandokando ya barabara, kwenye kingo za mito na katika viwanja ambavyo wenyewe bado hawajajenga. Katika hali hiyo mfugaji mwenye kondoo jike 20, ambaye huwatoa kundini baada ya kuzaa mara tano, anahitaji majike wachanga 4 kila mwaka ili kundi lisipungue. Akipata wanakondoo 20, nusu yao wakiwa majike, na wawili kati ya majike hao wakafa, baada ya kutenga 4 wa kujaza nafasi hubakiwa na 4 tu wa kuuza au kuongeza kundini. Upungufu mdogo wa majike, uwe wa kweli au wa kudhaniwa, humtia hofu mapema.

2. Ufafanuzi wa istilahi

Uwiano wa jinsia ni ulinganisho wa idadi ya madume na idadi ya majike katika uzao. Wataalamu huutofautisha kwa ngazi tatu: uwiano wa kwanza ni ule wa wakati mimba inapotungwa, wa pili ni ule wa siku ya kuzaliwa, na wa tatu ni ule wa umri wowote baada ya hapo, kwa mfano wakati wa kuhasi au wa kuachisha ziwa. Istilahi hizi zinajulikana na washiriki wengi, na zimerudiwa hapa kwa sababu mjadala wote unaofuata unategemea kutochanganywa kwa ngazi ya pili na ya tatu.

3. Msingi wa kibiolojia kwa ufupi

Jinsia ya mwanakondoo huamuliwa na mbegu ya dume. Yai la jike hubeba kromosomu X, ilhali mbegu ya dume hubeba ama X, ambayo huleta jike, ama Y, ambayo huleta dume, na kwa kuwa mbegu za aina hizo mbili hutengenezwa kwa idadi iliyo karibu sawa, uzao hukaribia nusu kwa nusu. Mwaka 1930, R. A. Fisher wa Uingereza alieleza kwa nini maumbile hushikilia usawa huo: jinsia yoyote ikiadimika, wazazi wanaoizaa kwa wingi hupata wajukuu wengi zaidi, na hivyo uzao huvutwa kurudi kwenye usawa.

Majaribio ya kuupindisha usawa huo ni ya kale. Aristotle aliandika kwamba kondoo wakipandwa wakati upepo wa kaskazini unapovuma huzaa madume, na upepo wa kusini ukivuma huzaa majike, dai ambalo halikuthibitishwa. Mwaka 1973, Trivers na Willard walitoa nadharia kwamba mama mwenye afya na lishe bora huelekea kuzaa madume zaidi. Matokeo ya uchunguzi kwa kondoo yamekuwa yakipingana, na hayatoshi kumshauri mfugaji abadilishe malisho kwa lengo hilo. Njia iliyothibitishwa ni kutenganisha mbegu kwa mashine, kwa kuwa mbegu yenye X ina vinasaba vizito zaidi kwa takriban asilimia 4. Teknolojia hiyo inatumika nchini kwa ng'ombe wa maziwa, lakini kwa kondoo ina kikwazo kikubwa: mlango wa kizazi wa kondoo ni mwembamba na umepindapinda, kwa hiyo mbegu zilizogandishwa huhitaji kupelekwa moja kwa moja kwenye mji wa mimba kwa upasuaji mdogo, gharama ambayo mfugaji wa kondoo 10 au 20 haimudu.

4. Tatizo kuu: hesabu isiyoanza siku ya kuzaliwa

4.1 Wakati wa kuhesabu

Ushahidi bora wa tatizo hili ni wa zamani. Katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu, Charles Darwin alikusanya hesabu za wafugaji wa Uingereza na Uskoti zilizofikia wanakondoo 59,650, wakiwemo madume 29,478 na majike 30,172, yaani madume 97.7 kwa kila majike 100. Msomaji wa haraka angehitimisha kwamba kondoo huzaa majike zaidi. Darwin hakufanya hivyo, kwa sababu alitambua kwamba hesabu hizo zilichukuliwa wakati wa kuhasi, na akaeleza kwamba huenda wingi huo wa majike haukuwapo siku ya kuzaliwa. Tahadhari hiyo bado haijazingatiwa ipasavyo katika fomu nyingi zinazojazwa mashambani, ambazo huuliza idadi ya kondoo waliopo siku ya ziara ya afisa, na haziachi nafasi ya kuandika waliozaliwa wakafa.

4.2 Vifo

Mwanakondoo dume kwa kawaida huzaliwa akiwa mzito kuliko jike, na uzito huo huongeza uwezekano wa mama kupata shida ya kuzaa, hasa jike mdogo wa mwili anapopandwa na dume wa Dorper mwenye umbo kubwa. Baadaye huja baridi, nimonia, kuhara na minyoo inayonyonya damu tumboni. Utafiti uliofanywa katika pwani ya Kenya miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kondoo wekundu wa Kimaasai huihimili minyoo hiyo vizuri kuliko Dorper, jambo linalomaanisha kwamba idadi ya wanaobaki hubadilika kulingana na aina ya kondoo hata pale idadi ya waliozaliwa inapolingana. Mwanakondoo aliyekufa usiku wa kwanza na kufukiwa asubuhi hayumo katika hesabu yoyote, wala jinsia yake haijulikani.

4.3 Wanaoondoka wakiwa hai

Kondoo pia huondoka kundini kwa mpangilio usio wa nasibu. Katika ruracio, yaani mahari ya Wakikuyu, hutakiwa mwati, ambaye ni kondoo jike mchanga asiyezaa bado, pamoja na harika, mbuzi jike wa hali kama hiyo. Ngoima, kondoo dume aliyenoneshwa, huchinjwa katika sherehe. Na madume huuzwa kwa wingi karibu na Krismasi na Idd. Tuchukue mfano wa kukadiria. Katika kila moja ya maboma mawili wanakondoo 20 wamezaliwa, 10 madume na 10 majike. Katika boma la kwanza madume 3 na jike 1 wanakufa wakati wa kuzaliwa, na hesabu ya mwezi wa tatu inaonyesha madume 7 na majike 9. Katika boma la pili hakuna aliyekufa, lakini majike 3 wametolewa kwa mahari na kwa karo ya shule, na hesabu inaonyesha madume 10 na majike 7. Wafugaji hawa wawili watakutana sokoni, mmoja akisifu dume wake na mwingine akimlaumu wake, ilhali madume hao wawili wamezaa sawasawa.

4.4 Udogo wa idadi

Hata pale ambapo kila mwanakondoo ameandikwa, kundi dogo hudanganya. Iwapo kila uzao una nafasi sawa ya kuwa dume au jike, kama sarafu inavyorushwa, basi katika kila makundi matatu yenye wanakondoo 10, takriban moja litakuwa na 7 kwa 3 au tofauti kubwa zaidi, kwa bahati tu. Hivyo wafugaji 30 wenye wanakondoo 10 kila mmoja wakikusanyika, watano hivi watalalamika kwamba wamepata madume kupita kiasi, na wengine watano watashukuru kwa majike. Wanakondoo wakifika 100, madume kati ya 40 na 60 bado ni jambo la kawaida. Dume anayepanda kondoo 30 kwa mwaka, akitumika miaka minne, huacha wanakondoo wapatao 120, na kati yao madume wanaweza kuwa kuanzia 49 hadi 71 bila dume huyo kuwa na kasoro yoyote. Ili kuthibitisha kwamba dume fulani kweli huzaa madume kwa asilimia 55 badala ya 50, huhitajika wanakondoo karibu 800. Hakuna dume wa mfugaji mdogo wa Juja anayeweza kuhukumiwa kwa hesabu ya boma moja.

4.5 Gharama ya hukumu hiyo

Hukumu hiyo, hata hivyo, hutolewa kila msimu. Dume mwenye ukuaji mzuri huuzwa kwa mchinjaji kwa sababu ya msimu mmoja wa madume wengi. Kinyume chake kina madhara makubwa zaidi: dume anayesifiwa kwa kuleta majike hubakizwa kundini hadi anawapanda binti zake, na mwanakondoo anayezaliwa na baba na binti yake huwa na kiwango cha uzazi wa ndugu cha asilimia 25, yaani robo ya vinasaba vyake hutarajiwa kuwa nakala zilezile kutoka pande zote mbili. Matokeo yake ni wanakondoo dhaifu na vifo zaidi, ambavyo navyo havitaandikwa, na ambavyo vitaupotosha uwiano wa msimu unaofuata.

Mada hii haikusudii kumlaumu mfugaji, afisa wala idara yoyote, kwa kuwa kila mmoja hufanya kazi kwa rasilimali alizonazo. Inapasa kusemwa, hata hivyo, kwamba daftari na kalamu si rasilimali adimu, na kwamba pendekezo la kuandika uzao siku ya kuzaliwa limekubaliwa katika vikao vingi bila kutekelezwa.

5. Mapendekezo

(i) Kila mwanakondoo aandikwe siku anayozaliwa: tarehe, jinsia, mama, baba, na iwapo alizaliwa peke yake au pacha.

(ii) Waliozaliwa wafu waandikwe pamoja na jinsia yao.

(iii) Kila kifo cha kabla ya kuachisha ziwa kiandikwe pamoja na sababu inayodhaniwa.

(iv) Kila mwanakondoo anayeuzwa, kutolewa mahari, kuchinjwa au kukopeshwa jirani aandikwe tarehe ya kuondoka.

(v) Hereni za masikioni zivishwe mapema, kabla ya kuhasi.

(vi) Fomu za ziara za maafisa ziwe na safu mbili tofauti, ya waliozaliwa na ya waliopo.

(vii) Hakuna dume atakayeuzwa wala kubakizwa kwa sababu ya jinsia ya wanawe. Apimwe kwa ukuaji wao, uhai wao na afya yake.

(viii) Dume abadilishwe au abadilishanwe na jirani kabla binti zake hawajafikia umri wa kupandwa.

(ix) Vikundi vya wafugaji viunganishe madaftari yao kila msimu. Wafugaji 40 wenye wanakondoo 10 kila mmoja hutoa hesabu ya 400, ambayo inatosha kuonyesha mwelekeo wa eneo.

(x) Wafugaji wajihadhari na dawa na madini yanayouzwa kwa ahadi ya kuleta majike, hadi muuzaji atoe ushahidi wa hesabu za siku ya kuzaliwa.

(xi) Anayetaka majike zaidi aanze kwa kupunguza vifo vya majike waliokwisha kuzaliwa, kwa kukinga minyoo, kuwapa maziwa ya kwanza mapema na kuwalaza pakavu.

(xii) Chuo na vituo vya utafiti vilivyo karibu viombwe kuchambua madaftari hayo, baada ya pendekezo la (i) kutekelezwa.

6. Hitimisho

Maumbile humpa mfugaji majike karibu nusu ya uzao, na kwa sasa hakuna njia nafuu ya kuiongeza nusu hiyo katika kundi dogo. Kinachowezekana ni kuacha kuipoteza bila kujua. Semina hii inaombwa ipitishe pendekezo la (i) kabla ya mengine yote, imteue mtu wa kutunza daftari katika kila kikundi, na iweke tarehe ya kuyakusanya madaftari mwishoni mwa msimu wa uzao unaokuja. Swali la kwa nini Juja ina madume wengi au majike wachache lirudishwe mezani siku hiyo, hesabu zikiwapo.