Anayebisha Hodi Usiku

 

Leo nataka tuzungumze juu ya kumtamani Mungu na kumkaribisha. Mtunga Zaburi ya 42 anajifananisha na ayala mwenye kiu anayetafuta mto. Kila nikiisoma Zaburi hiyo nafikiri kwamba sisi tuliozaliwa Kisii na Nyamira tuna shida kidogo kuielewa. Nchi yetu ni ya mvua. Jua likishapita utosini mawingu hukusanyika, na kabla ya saa kumi utawaona akina mama wakikimbia kuanua nguo. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 1,500, na chini ya vilima vyetu ziko chemchemi. Mtu wa Turkana au Garissa aijua Zaburi ile kwa koo lake. Sisi twaijua kwa kichwa tu.

Lakini iko kiu nyingine ambayo hatuhitaji kufundishwa. Mashamba yetu ni madogo. Baba amewagawia wana wake, na wana wakawagawia wana wao, mpaka fungu la mtu halitoshi ila migomba michache na mistari ya majani chai. Kwa hiyo watoto wetu wametawanyika, wengine Nairobi, wengine Mombasa, wengine Marekani. Ikifika Desemba, mama aliyeambiwa kwamba mwanawe anakuja hulala kidogo sana. Tangu asubuhi amefagia uani. Amemfunga jogoo yule ambaye mwaka mzima alikataa kumwuza. Baba naye hujifanya hana habari, lakini mtamkuta ameketi mahali panapoonekana barabara. Na usiku ukiingia, hata kama basi limechelewa, mlango haukomelewi, na koroboi haizimwi.

Hiyo ndiyo shauku ninayotaka kuizungumzia. Mtu anayemngoja mgeni hutambulikana kwa mlango wake kuliko kwa maneno yake. Na hapa, ndugu msikilizaji, sina budi kuungama jambo langu mwenyewe.

Mwaka 2009 nilikuwa mzee wa kanisa katika kijiji kimoja upande wa Nyamira. Tulikuwa tumeona kwamba kanisa letu limepoa. Watu walikuja, waliimba, walitoa sadaka, wakaenda zao, na hakuna aliyetoka akisema, Bwana alikuwapo mahali hapa. Tukapanga kesha la usiku tatu. Tulifunga, tukalia, tukamsihi Mungu ashuke akae nasi. Siwezi kuudharau ule wakati. Wengi tuliomba kwa moyo wa kweli.

Siku ya pili alasiri nilikuwa natoka kupeleka majani chai kituoni, nikiharakisha kwenda kuoga nirudi kanisani. Mvua ya mawe ikanikuta kwenye kijia kilicho chini ya kanisa. Ninyi wa sehemu za chai mwaijua mvua hiyo. Kwa dakika chache inaweza kupukutisha shamba zima. Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa moja tu. Nikasimama chini ya upenu wake, kikapu kichwani, nikiomba ipite upesi.

Ilikuwa nyumba ya mjane mmoja mzee. Kwetu mwanamke wa umri ule tunamwita magokoro, nyanya wa wote. Lakini yeye alikuwa ameacha kuwa nyanya wa wote. Miaka miwili nyuma kijana wa boma la jirani aliugua ghafula akafa, na neno likaanza kutembea. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Lilitembea tu, kisimani, sokoni, hata mlangoni pa kanisa. Watoto wakakatazwa kuokota mapera yake. Katika ibada, benchi alilokalia likawa tupu kushoto na kulia. Baadaye akaacha kuja. Mimi mzee wa kanisa niliyaona hayo yote, nikajiambia kwamba yatapita yenyewe.

Mlango ukafunguliwa. Akaniambia kwa Ekegusii neno moja, "Soa," yaani ingia.

Wasikilizaji wangu, nilisita. Mawe yalikuwa yakinipiga miguuni, nami nilisita. Kisha nikaingia kwa aibu kuliko kwa imani. Moto ulikuwa unawaka. Karibu na mafiga palikuwa na bakuli mbili, na chungu cha uji wa wimbi uliokwisha kuiva.

Nikamwuliza, "Mama, kumbe unamngoja mtu?"

Akasema, "Naam, mwanangu. Tangu jana nawasikia mkiomba kule juu. Sauti zenu zinafika mpaka hapa. Mnamwita Bwana aje. Nami nikasema, akija atapita njia hii, maana ndiyo njia ya kwenda kanisani. Kwa hiyo nimezidisha uji."

Alisema hivyo bila kunicheka na bila kunilaumu. Akanijazia bakuli. Nakiri kwamba mkono ulitetemeka. Niliomba maombi marefu kuliko desturi ya mtu kuombea uji, na yule mama alijua sababu, akainamisha kichwa akangoja nimalize. Kisha nikanywa. (Maana najua wako wanaotaka kuuliza: la, sikuumwa tumbo.) Akaniambia kwamba tangu miezi mingi hakuna mtu aliyekula wala kunywa katika nyumba yake. Akaniuliza habari za watoto wangu, kila mmoja kwa jina lake.

Usiku ule nilisimama katika kesha nikasimulia. Sitaki kuwadanganya kwamba moto ulishuka. Baadhi walilia. Baadhi waliona nimelivuruga kesha. Mzee mmoja niliyemheshimu sana alinyamaza mpaka mwisho, na baadaye akaniita kando akaniambia niwe mwangalifu. Lakini kesho yake watu watano tulikwenda kwake, tukaomba msamaha, tukala kwake. Siku ya ibada iliyofuata wake wawili miongoni mwa hao watano walipitia kwake, wakaja naye, wakaketi mmoja kushoto na mmoja kulia. Wengine waliendelea kumwepuka kwa miaka. Alifariki mwaka 2016, kitandani mwake.

Nasema kitandani mwake kwa makusudi. Ninyi mnajua yaliyotokea Kisii mwezi wa Mei 2008, mwaka mmoja tu kabla ya kesha letu, ambapo watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto kwa sababu waliitwa wachawi. Na mnakumbuka Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa sababu iyo hiyo. Wanne hao walikuwa mama za watu. Wala hatuwezi kusema kwamba mambo hayo hufanywa na watu wasiolijua Neno. Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakaanza kazi Nyanchwa muda mfupi baadaye. Leo ni shida kusimama juu ya kilima chetu chochote usione paa la kanisa.

Injili yenyewe ilikuja kwetu kama mgeni, na si wote walioipokea. Mwaka 1914, Waingereza na Wajerumani walipopigana mjini Kisii, nyumba za misheni ziliporwa. Watu wetu walikuwa na sababu zao. Majeshi ya Waingereza yalikuwa yamewatesa mwaka 1905 na tena 1908, nao hawakuona tofauti kati ya mweupe wa bunduki na mweupe wa Biblia. Hata hivyo Neno halikuondoka kwa kufukuzwa. Lilirudi likabisha tena.

Nataka niseme jambo moja zaidi juu ya wazee wetu, na hili ni la lazima. Wauguzi na waganga wa hospitali wanatueleza kwamba baadhi ya wazee hupatwa na ugonjwa wa akili unaowafanya wasahau. Mgonjwa huyo aweza kuamka usiku wa manane akatoka nje. Hupotea katika njia aliyoipita miaka sitini. Hukutwa uani pa watu, pengine hana nguo, akisema maneno yasiyoeleweka. Wenyeji wakiamka hupiga kelele kwamba mchawi amekamatwa. Kumbe ni mama anayetafuta nyumba yake. Amebisha hodi kwako kwa sababu amesahau mlango wake.

Sasa fungua Biblia yako katika Ufunuo, sura ya tatu, mstari wa ishirini. Tunapenda kuutumia mstari huo kwa watu wasiookoka, kwamba Yesu amesimama mlangoni anabisha. Lakini angalia barua ile iliandikwa kwa nani. Iliandikwa kwa kanisa la Laodikia. Ni kanisa lenye watu, lenye mali, lenye ibada, nalo lilijiona halipungukiwi na kitu. Bwana alikuwa nje. Ahadi anayoitoa kwa atakayefungua ni kwamba wataketi kula pamoja, yeye na mwenye nyumba. Nikisoma hapo sasa siwezi kusahau zile bakuli mbili.

Tena kumbuka wale wanafunzi wawili wa Emau katika Luka 24. Walitembea na Bwana njia nzima wasimjue. Maandiko yalifafanuliwa nao hawakumjua. Mioyo yao iliwaka, na bado hawakumjua. Walipofika alifanya kama anayetaka kuendelea mbele, nao wakamshika, wakamsihi alale kwao kwa kuwa jua limekuchwa. Wangemwacha mgeni yule aende zake gizani, wasingalimtambua alipoumega mkate.

Nisieleweke vibaya. Sisemi tuache makesha, wala sisemi kwamba kumtembelea mjane ni badala ya kupiga magoti. Mimi mwenyewe huamka kabla ya alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani chai, na saa hiyo nisingeibadili kwa kitu. Iko furaha ya kuwa na Mungu peke yako ambayo haina maneno. Ninalosema ni kwamba kwa muda mrefu nilimwomba Mungu aje kwa njia ya mbinguni tu, nikaziba ile njia ya kijiani. Katika Mathayo 25 Bwana anasema wazi kwamba yeye ndiye alikuwa yule mgeni. Hakusema kwamba mgeni alifanana naye.

Labda wewe unayenisikiliza sasa unamjua mama wa namna hiyo, au mzee wa namna hiyo. Nyumba yake unaijua. Pengine moshi wake unauona ukiwa umesimama mlangoni kwako. Kabla ya ibada ya juma hili, pita kwake. Usiende kumhubiria. Mwambie una njaa. Na kama wewe ndiwe uliyeachwa, umekaa na redio hii kwa sababu hakuna sauti nyingine nyumbani mwako, sikia: Mungu amesema kwa kinywa cha Isaya kwamba yeye anayekaa mahali palipoinuka hukaa pia na mtu aliyevunjika moyo. Yuko hapo ulipo kabla sisi hatujafika. Nasi tumechelewa, tusamehe.

Na tuombe.

Ee Bwana, tumekuita uje, nawe umekuwa ukipita mbele ya milango yetu. Wasamehe waliomwaga damu ya wazee, uwalete kwenye toba. Utusamehe sisi tuliojua, tukanyamaza. Usiku huu umlinde kila mama aliyepotea njia, umfikishe kwenye mlango wa mtu atakayemwambia, Ingia. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.