Sungura Anayesusia Nyasi Kavu

Msikilizaji, sungura anayesusia nyasi kavu mara nyingi tumemdekeza wenyewe kwa karoti, sukuma wiki na peleti. Tunamwonea tukimwita mkaidi. Meno yake hukua maisha yote, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyasaga. Nyuzinyuzi za nyasi hizo huliendesha tumbo. Punguza peleti taratibu, usizikate ghafla. Kisha zikague nyasi zenyewe. Nyasi za Boma Rhodes zilizokatwa mapema zina majani mengi, ukijani na harufu nzuri. Zilizochelewa ni vijiti vitupu, na zenye ukungu zitupwe. Zilizo nzuri ziweke pale anapojisaidia, maana sungura hupenda kula papo hapo. Chomeka majani ya dhania katikati, ayatafute. Akigoma kula chochote kwa nusu siku, mpigie daktari wa mifugo bila kungoja kesho.