Sukari, Adrenalini na Moyo Uendao Mbio



Tuanze na mwanafunzi aliyemo kwenye wiki ya mitihani. Usiku amekesha. Asubuhi kanywa chai ya rangi yenye vijiko vinne vya sukari, kala na mandazi mawili. Saa nne kaongezea kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Ikikaribia saa saba vidole vinamtetemeka, viganja vimelowa jasho, moyo unamwenda mbio. Ukimuuliza ana nini, atakwambia ana wasiwasi na mtihani. Huenda ni kweli. Ila mwili una njia zaidi ya moja ya kufika hapo.

Sukari na wanga laini vikishasagwa tumboni, glukozi hupanda haraka katika damu, na kongosho hutoa insulini ya kuishusha. Kwa baadhi ya watu, saa mbili hadi nne baada ya kula, glukozi hushuka kupita kiasi. Ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, hauvumilii upungufu huo. Glukozi ikipungua chini kidogo ya milimoli 4 kwa lita, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini ili ini liachie sukari liliyoihifadhi. Adrenalini hiyo ndiyo ile ile inayomtoka mtu aliyekutana na chatu njiani. Mwili hauna ya njaa na nyingine ya hofu. Akili nayo, ikihisi moyo unadunda, hutafuta sababu, na haiikosi: ada, mtihani, mchumba asiyepokea simu.

Maelezo haya yananyooka mno, na mimi huwa nayashuku maelezo yanayonyooka hivyo. Kwa wengi wenye afya njema, glukozi haishuki kiasi hicho baada ya mlo. Tena lile kopo lilikuwa na kafeini, kwa kawaida miligramu 80 katika mililita 250, inayoweza peke yake kumtetemesha mtu aliyekosa usingizi.

Hata sisi wazazi, tunaosema sukari huwatia watoto utundu, si mashahidi wa kutegemewa. Mwaka 1994 nchini Marekani, watafiti Hoover na Milich waliwapa watoto wa kiume kinywaji kisicho na sukari hata chembe, kilichotiwa utamu wa aspatame. Baadhi ya mama waliambiwa kina sukari nyingi. Mama hao waliwaona watoto wao watundu zaidi, wakawakaribia na kuwakosoa zaidi. Kilichobadilika ni imani ya mama. Kinywaji kilikuwa kimoja.

Kwa watu wazima, uchambuzi wa mwaka 2019 uliokusanya tafiti 31 haukuona kwamba wanga au sukari inachangamsha moyo. Ulichokiona ni uchovu ndani ya nusu saa, na umakini kupungua ndani ya saa moja. Anayekunywa soda ili "aamke" ananunua kinyume chake.

Ushahidi wa muda mrefu unatoka kwa watumishi wa serikali wa London, katika utafiti wa Whitehall II ulioanza mwaka 1985. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba wanaume waliotumia zaidi ya gramu 67 za sukari kwa siku kutoka kwenye vyakula na vinywaji vitamu walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 23 wa kupata matatizo ya kawaida ya akili miaka 5 baadaye, ukilinganisha na waliotumia kidogo kabisa. Soda mbili za mililita 300 zinakaribia kabisa kiasi hicho. Hata hivyo matatizo hayo ni wasiwasi na sonona kwa pamoja, na utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha kisababishi.

Kwa hiyo daktari anayesikiliza habari za moyo kwenda mbio aulize pia mgonjwa alikula nini, saa ngapi, na alilala vipi. Asimwambie mwenye ugonjwa wa wasiwasi kwamba dawa yake ni kuacha sukari. Huko ni kumtelekeza.

Na mwenye kisukari anayetumia insulini asiondoke humu akiiogopa sukari. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, apime. Ikiwa chini ya milimoli 4, anywe gramu 15 za sukari, asubiri dakika 15, apime tena.